Shahada ya masomo ya wanawake na jinsia: husomwa nini hasa?

Mama Binti, Ujiji: Habari zenu ndugu. Binti yangu amemaliza kidato cha sita na anataka kusomea fani hii, lakini baba yake anauliza kama huko hufundishwa chochote zaidi ya kulalamika, tena anahofia binti hatapata ajira.

Mhitimu, Kigoma Mjini: Shikamoo mama. Fani hii huchota katika historia, sheria, uchumi na sosholojia: mwanafunzi husoma mchango wa Bibi Titi Mohamed katika TANU, kisha huchambua kwa nini Sheria ya Ndoa ya 1971 iliruhusu msichana wa miaka 15 kuolewa, na jinsi Mahakama ya Rufani ilivyothibitisha mwaka 2019 kwamba vifungu hivyo vinakiuka Katiba. Utafiti ndio mzigo wenyewe. Mimi nilihoji wanawake waanikao dagaa mwaloni Kibirizi, nikiandika nani anamiliki mtumbwi, nani analipa mafuta na nani anashika fedha jioni. Malalamiko yasiyo na ushahidi mhadhiri huyarudisha.

Mwalimu, Kasulu: Nakubaliana naye, ila hofu ya mzee kuhusu ajira si ya kupuuzwa. Binti asikwepe takwimu, kwani miradi ya maendeleo huwahitaji wanaoweza kuzichambua.

Mama Binti: Marahaba mwanangu, asanteni. Hilo la takwimu atalikunjia uso, lakini nitamfikishia.