Mrejesho: Kukuza grafini ndani ya tabaka za udongo

Ndugu zangu, niliwauliza iwapo udongo mweusi wa mbuga za Misungwi, ule unaopasuka nyufa za kuingiza mkono wakati wa kiangazi, unaweza kuwa kalibu ya kukuzia grafini, yaani utando wa kaboni wenye unene wa atomi moja tu. Namshukuru sana aliyenieleza kazi ya Wajapani ya mwaka 1988: walijaza kemikali yenye kaboni katikati ya tabaka za montimoriloniti, madini ya mfinyanzi yanayovimba yaliyomo pia katika udongo mweusi kama huu, wakaichoma bila oksijeni kwa nyuzijoto 700, kisha wakauyeyusha udongo kwa asidi ili ibaki kaboni peke yake.

Mimi na wanafunzi wangu hapa Mwanza tumeuchekecha udongo, tukaulowesha kwa maji ya sukari, ambayo ndiyo chanzo chetu cha kaboni, nao ukavimba mbele ya macho yetu, kwa kuwa maji hupenya katikati ya tabaka na kuzitanua. Nafasi hiyo, ambayo kwa kawaida haifiki nanomita 1 (sehemu moja ya milioni ya milimita), ndiyo inayoilazimisha kaboni itandae bapa badala ya kurundikana. Kwangu hapo ndipo penye uzuri wote.

Asidi ya hidrofloriki, ile ya kuyeyushia udongo, sitaiingiza shuleni kamwe, maana hupenya ngozi na kunasa kalsiamu ya mwili. Kaboni yetu itabaki ndani ya udongo, na tukishauchoma kwenye kopo lililozibwa, tutapima kama unapitisha umeme.