Ushauri: chaneli ya taarab imekua, leseni niombe wapi?

MwanaVikokotoni: Assalaam alaykum wanajukwaa. Nina chaneli YouTube ya taarab za kale, kaseti za marehemu babu, nyengine za 1958. Nimeshavuka wafuasi 1,000 na saa 4,000 za kutazamwa, matangazo yanaingia. Sasa naambiwa bila leseni ya kurusha maudhui mtandaoni nitakamatwa. Niende Dar au hapa hapa Unguja? Usiku silali.

Kijana_Temeke: Leseni balaa kaka. 2018 blogu ilitakiwa ilipe 100,000 ya ombi, 1,000,000 ya leseni, na ada 1,000,000 kila mwaka. Nilikuwa na blogu ya mpira, nikaifunga, nikafungua kibanda cha chipsi. Sijajuta, ila mafuta yamepanda.

Bi_Nyuki: Hizo kanuni za Bara, na zimeshabadilishwa. Utangazaji si jambo la Muungano, kwetu kuna Tume ya Utangazaji, anzia huko. Kodi ya mapato ndiyo ya Muungano. TRA utakutana nao hata ukijificha Makangale.

Mpemba_Halisi: Na Marekani ana mkono wake. Pato la watazamaji wa kule linakatwa 30%, kwa vile hatuna mkataba wa kodi nao. Usipojaza fomu yao ya kodi ndiyo kabisa, wanaweza kukata 24% ya pato lote, hata la watazamaji wa Oman.

Bi_Nyuki: Mie nina suala jengine. Kaseti za babu, sawa. Nyimbo za nani?

MwanaVikokotoni: Babu alikuwa mpiga fidla. Sanduku tumerithi kihalali, shangazi ni shahidi.

Bi_Nyuki: Umerithi plastiki, mwanangu. Mtunzi je? Mwimbaji? Kikundi? Zanzibar ina sheria yake ya hakimiliki tangu 2003, na COSOZA, wasimamizi wa hakimiliki, ipo. Umeenda?

MwanaVikokotoni: Sijenda. Nikienda wataniuliza masuala. Na… kuna bwana yuko Muscat, nimeshampa nyimbo 40. Kanitumia milioni mbili za mwanzo, mkataba nimetia saini kwenye simu. Lakini jamani, panya walishakula nusu ya sanduku! Bora zioze?

Mzee_Funguni: Zama zetu mtu hauzi sauti ya maiti.

Kijana_Temeke: Zama zenu mlikuwa hamna bando, mzee.

Fundi_Redio: Wanajukwaa mnachezewa, uzi wa kutunga huu. Kaseti zimetoka 1963. Huyo babu 1958 alirekodia nini, kifuu cha nazi?

MwanaVikokotoni: Wallahi si uongo! Mwaka kauandika shangazi kwa peni nyekundu juu ya kava. Kanda ipo, nimeisikiliza tena sasa hivi. Kabla ya fidla mtu anasema "Hii ni Sauti ya Tanzania Zanzibar", halafu mtu anakohoa, na mwanamke kwa mbali anafukuza kuku.

Fundi_Redio: Tanzania, 1958? Basi shangazi kakosea mwaka. Haya, naondoa neno langu, uzi ni wa kweli. Babu yako aliweka kaseti mbele ya redio sebuleni. Hata hiyo fidla huna hakika ni yake.

Bi_Nyuki: Ndo hivyo. Sasa una mtunzi, kikundi, na redio ya Serikali juu yake. Mrudishie wa Muscat pesa zake leo, kesho asubuhi uende COSOZA na hilo sanduku.

MwanaVikokotoni: Nimeshanunulia laptopu.

Mpemba_Halisi: Na ile fomu ya Marekani umejaza?