Mheshimiwa wa chemba ya mwisho, neno "Dar es Salaam" limekukosea nini?

Wakuu, yule Mheshimiwa Jaji mnamjua, nisichafue uzi kwa jina. Leo kaondoa mahakamani maombi ya kuongezewa muda kwa sababu chini ya hati ya kiapo tarehe ipo, sahihi ipo, muhuri wa kamishna wa viapo wenye anwani umekolea wino, ila MAHALI, yaani "Dar es Salaam", hapajaandikwa. Kainua karatasi kwenye mwanga kama anakagua noti bandia, kauliza: "Huyu aliapa wapi, hewani?" Hewani! Karani kacheka mpaka kalamu imeanguka. Na upande wa pili hawakuweka pingamizi lolote, kaliibua mwenyewe! Chemba ya jirani, kasoro hiyohiyo, unapewa siku 7 ulete kiapo kipya. Jengo moja, sheria moja. Hewani, jamani!

Kiti Kirefu: Wakili msomi, sheria inataka mahali na tarehe. Anwani ya kwenye muhuri ni ya ofisi ya kamishna, haisemi mtu aliapia wapi. Hewani pazuri lakini, kuna upepo.

Mzee wa Masijala: Shukuru kaondoa, hajatupilia mbali. Yakiondolewa unarudi palepale. Yakitupiliwa mbali, mlango huo umefungwa. Ukirudi, eleza kila siku ya kuchelewa, mpaka ile moja ya kuchapa. Siku ambazo maombi yalikuwa mahakamani zinatetewa, ila ambatanisha amri ya leo.

Mleta uzi: Nakala ya amri yenyewe haijatoka! Itakuwa nayo iko HEWANI.

Binti Rufani: Hiyo cha mtoto. Rufaa ya kesi iliyoanzia Baraza la Ardhi na Nyumba ni siku 45. Umetuma kwenye mfumo wa mtandao wa mahakama siku ya 45 saa 5 usiku, namba ya malipo inakuja kesho yake. Jaji huyu anahesabu siku uliyotuma, yule anahesabu siku uliyolipa ada. Unasubiri kupangiwa jaji kama unacheza bahati nasibu.

Kiti Kirefu: Si mtume siku ya 40? Mnaisubiri ya 45 kama daladala ya mwisho.

Binti Rufani: Nakala ya hukumu ikitoka siku ya 38 natuma nini, salamu?

Pwagu: Mmeona lakini kopi pale chini imefika 200 kwa ukurasa? Mwenendo, ile kumbukumbu nzima ya kesi, wa kurasa 300 hapo piga hesabu.

Mzee wa Masijala: Na mashine haitoi pande mbili.

Pwagu: Inatoa. Yule dada hataki tu.