Nintendo Switch niiandike daftari lipi: la mashine za TV au la mashine za mkononi?

MwanaMlandege

Assalamu alaykum ndugu zangu. Nina kibanda cha kukodisha mashine za gemu hapa Mlandege, na tangu nilipokifungua nimekuwa nikitumia madaftari mawili. La kwanza ni la mashine za TV: mtu hukaa kwenye benchi, hulipa kwa saa, na akimaliza huinuka akaiacha mashine pale pale. La pili ni la mashine za mkononi, ambazo mtu huondoka nazo hadi kesho yake, kwa hiyo huacha amana pamoja na jina la mzee wake na mtaa anaokaa. Utaratibu huo haukuwahi kunisumbua hadi mwezi uliopita niliponunua Nintendo Switch iliyokwishatumika.

Siku ya kwanza niliiweka kwenye kikalio chake, nikachomeka waya wa TV na kuiandika daftari la kwanza. Alasiri akaja kijana mmoja, akalipa saa nzima, akacheza kama dakika arubaini, kisha simu yake ikalia: anaitwa nyumbani. Basi aliinuka, akaichomoa mashine kutoka kwenye kikalio, picha ikahama kutoka TV ikaingia kwenye kioo chake, na yeye akatoka mlangoni huku anacheza. Nilimkuta kwa muuza juisi ya miwa. Hakuwa na nia mbaya hata kidogo. Aliniambia, "Nimelipa saa nzima na saa yangu haijaisha. Kwani hii si ya mkononi?" Nilibaki sina jawabu.

Naomba mnisaidie: kwa haki yake, mashine hii ihesabiwe ya nyumbani au ya mkononi? Nataka hoja, si mapenzi ya kampuni.

FundiWaDarajani

Waalaykumu ssalaam. Mimi hizi huzifungua kwa bisibisi, kwa hiyo nitakueleza nilichokiona ndani. Ukiifungua mashine yenyewe utakuta kila kitu: prosesa ya Tegra iliyotengenezwa na Nvidia, kumbukumbu, feni, betri ya mAh 4310, kioo cha inchi 6.2 na tundu la kadi ya gemu. Kisha ukifungue kile kikalio. Utakuta kibao kidogo cha saketi kinachoipeleka picha kwenye waya wa HDMI, matundu ya USB, na kilichobaki ni plastiki na hewa. Hakina prosesa wala hakina gemu.

Watu hudhani kwamba kikalio ndicho kinachoongeza nguvu, kwa sababu mkononi picha ni ya mistari 720 na kwenye TV inaweza kufika 1080. Ukweli ni kwamba ni mashine ile ile, ambayo ikiwa kwenye kikalio chenye umeme wa ukutani huruhusiwa kwenda kasi zaidi, na ikichomolewa hujipunguza ili isimalize chaji wala isipate joto mkononi mwa mchezaji. Kikalio ni kiango tu, na taa haigeuki kuwa sehemu ya ukuta kwa kuwekwa kwenye kiango.

Tena Septemba 2019 walitoa ile ndogo, Switch Lite, ya inchi 5.5, ambayo haina njia kabisa ya kuunganishwa na TV, lakini inazila kadi zile zile za dada yake. Kama mdogo ni wa mkononi bila ya ubishi, huyo mkubwa wa tumbo moja amekuwaje wa nyumbani? Iandike daftari la pili.

KijanaWaJangombe

Fundi, umeeleza vizuri mashine ilivyoundwa, lakini mwenye kitu ndiye anayejua amekikusudia nini. Nintendo wenyewe walipoitangaza walisema ni mashine ya nyumbani ambayo unaweza kutoka nayo. Hawakusema ni ya mkononi inayoweza kuingia kwenye TV, na mpangilio wa maneno hayo haukuja kwa bahati.

Angalia pia ilikaa kiti cha nani. Ilipoingia sokoni tarehe 3 Machi 2017, iliyoondoka ni Wii U, mashine ya TV, ambayo utengenezaji wake ulifikia mwisho mwanzoni mwa mwaka huo huo. Ile 3DS, ambayo kila mtu anakubali kwamba ni ya mkononi, waliendelea kuitengeneza hadi 2020. Gemu kubwa ya siku ile ya kwanza, The Legend of Zelda: Breath of the Wild, ilitolewa siku hiyo hiyo kwa Switch na kwa Wii U pia, kwa maana kwamba ilikuwa gemu ya kuchezwa sebuleni. Na ukichukua Super Mario Party ya 2018, hiyo haikubali kabisa kuchezwa huku umeishika mashine mkononi. Ni lazima uisimamishe mahali na pedi za kuchezea zitolewe pembeni. Ni mashine gani ya mkononi inayokataa mkono?

Kuhusu betri, zile za mwanzo zilikadiriwa kudumu saa 2 na nusu hadi 6 na nusu kutegemea gemu, na ukiweka gemu nzito kama hiyo Zelda hupati zaidi ya saa 3 hivi. Mimi naona ni mashine ya nyumbani iliyopewa ruhusa ya kutembea.

MpembaWaWete

Nimewasoma nyote wawili kwa makini, na naona mnavuta kamba mbili mbalimbali. Neno "nyumbani" linaeleza kitu kinalala wapi. Neno "mkononi" linaeleza kitu kinashikwaje. Hayo si mambo yanayopingana. Kandili ya mama yangu ilikuwa ya nyumbani, ilikuwa na msumari wake ukumbini, na ukitaka kwenda uani usiku unaichukua mkononi. Sikumbuki mtu yeyote aliyewahi kuuliza ni ya aina gani.

Hata hivyo, maalim, ukinilazimisha kuchagua nitakuwa upande wa Fundi, na kipimo changu ni umeme. Nilikuwa nikisoma Unguja kuanzia Disemba 2009 hadi Machi 2010, wakati kisiwa kizima kilipokosa umeme kutoka Bara. Nyumba niliyokaa ilikuwa na mashine moja ya TV, na kwa miezi mitatu ilikuwa pambo la kabati, tena la kufutwa vumbi. Mwaka jana hapa Wete umeme ulikatika mpwa wangu akiwa katikati ya gemu kwenye Switch. TV ikafa. Yeye akaipapasa mashine gizani, akaitoa kwenye kikalio, akawasha kioo na kuendelea pale pale alipoachia, na mwanga wa kile kioo ndio uliotusaidia kutafuta kibiriti. Inayobaki hai umeme ukiondoka, mimi naihesabu ya mkononi.

Ama kauli ya Nintendo, hiyo ni kauli ya muuzaji aliyekuwa bado na 3DS dukani na hakutaka kuiua mapema kwa kusema kwamba ya mkononi mpya imefika. Na wala si wao wa kwanza. Mwaka 1995 Sega waliuza Marekani mashine iliyoitwa Nomad, iliyokuwa ikitumia kaseti za Genesis, yaani mashine yao ya TV, ikiwa na kioo chake na betri sita, na ukitaka unaiunganisha na TV. Gemu zake zote zilikuwa za sebuleni, lakini watu waliiita ya mkononi kwa sababu ndivyo walivyoishika.

Lakini madaftari yako, ndugu yangu, hayakupangwa kwa aina ya mashine. Yamepangwa kwa kile kinachoweza kutoka mlangoni. Hilo ndilo la kuangalia.

MwanaMlandege

Ahsanteni sana. Nimeihamishia daftari la pili. Hata anayetaka kuichezea hapa hapa kwenye TV, kwa saa, sasa anaacha amana kwanza, na zile pedi mbili za ubavuni nimeziandika kila moja kwa mstari wake, kwa kuwa zinachomoka na mfukoni zinaingia bila ya shida. Kikalio kimebaki daftari la kwanza pamoja na TV, kwa sababu hicho hakuna atakayekimbia nacho.

Kadi za gemu nazo nimeziandikia ukurasa wao. Jana mtoto mmoja alitia kadi mdomoni akaitema hapo hapo, macho yamejaa machozi, nami ndipo nilipojua kwamba zinapakwa kitu kichungu kwa makusudi ili watoto wasizimeze. Yule kijana wa juisi ya miwa amerudi leo, ameacha amana na kuandika jina la babu yake.

KijanaWaJangombe

Mimi bado naiita ya nyumbani. Ila Ijumaa nitakuja kuikodi niende nayo Nungwi, na amana nitalipa.