Sosi ya saladi ya Kigiriki: mafuta yanajitenga na ladha inakuwa chungu

Jani Bichi

Habari zenu wanajukwaa. Naomba msaada kuhusu sosi ya saladi ya mtindo wa Kigiriki, ile ya mafuta ya zeituni, siki ya divai nyekundu, limau, kitunguu saumu na oregano. Ninapenda kuitengeneza mwenyewe kwa sababu ile inayouzwa kwenye chupa naiona ina sukari kupita kiasi. Huwa ninafuata kipimo kinachotajwa karibu kila mahali, yaani sehemu tatu za mafuta kwa sehemu moja ya siki, kisha ninatia kila kitu kwenye blenda kwa mara moja. Sosi hutoka nzito na ya kupendeza macho, lakini huacha uchungu kooni ambao mafuta yenyewe hayana nikiyaonja peke yake. Nikiacha blenda na kukoroga kwa kijiko, uchungu haupo, ila mafuta yanapanda juu hata kabla bakuli halijafika mezani. Jambo jingine ni kwamba saladi yenyewe, nikishaimwagia sosi, huelea kwenye maji baada ya muda mfupi tu. Je, tatizo liko kwenye vipimo, kwenye mafuta au kwenye namna ya kuchanganya?

Kiganja cha Chumvi

Ndugu Jani Bichi, uchungu huo unatoka kwenye blenda, wala usiwalaumu waliokuuzia mafuta. Mafuta ya zeituni ya mkamuo wa kwanza yana viambata viitwavyo polifenoli, ambavyo kwa asili ni vichungu, lakini mtu anapoyaonja mafuta yenyewe uchungu huo hausikiki sana kwa kuwa umefunikwa na mafuta. Visu vya blenda vinapoyakata mafuta kuwa matone madogo mno ndani ya siki, viambata hivyo hupata njia ya kuhamia kwenye majimaji, na ulimi huvikuta huko bila kizuizi. Kwa hiyo tumia chupa yenye kifuniko kinachobana na utikise kwa nguvu, au piga kwa uma ndani ya bakuli huku ukimimina mafuta kidogo kidogo. Ikiwa huwezi kuachana na blenda, saga vitu vingine vyote pamoja na mafuta yasiyo na ladha kali, kisha mafuta ya zeituni uyaingize mwishoni kwa mkono.

Kuhusu vipimo, tatu kwa moja ni desturi ya Kifaransa, na kwa saladi ya namna hii mimi naiona imepooza. Jaribu vijiko 6 vya chakula vya mafuta, vijiko 2 vya siki ya divai nyekundu na kijiko 1 cha maji ya limau, yaani mbili kwa moja ukijumlisha siki na limau. Ongeza punje 1 ya kitunguu saumu, kijiko 1 cha chai cha oregano kavu, nusu kijiko cha chai cha haradali laini, chumvi kidogo na pilipili manga.

Utaratibu wa kutia vitu una uzito kuliko watu wanavyodhani. Chumvi haiyeyuki kwenye mafuta, kwa hiyo ukiitia baada ya mafuta utakutana na punje zake chini ya bakuli na sosi itakuwa na chumvi upande mmoja tu. Anza na siki na limau, kisha kikune kitunguu saumu moja kwa moja ndani yake badala ya kukiponda pembeni na kukiacha kisubiri. Ukali wa kitunguu saumu huzalishwa na kimeng'enya kinachoamka punje inapokatwa, na asidi hukizuia kimeng'enya hicho, hivyo utapata harufu yake bila ule mwako unaobaki mdomoni hadi kesho yake. Oregano isugue kati ya viganja juu ya bakuli mpaka usikie harufu inapanda, ndipo uiache iloweke humo kwa dakika kumi hivi pamoja na chumvi. Haradali ifuate, mafuta yawe ya mwisho. Oregano kavu ndiyo inayofaa hapa, kwa kuwa ile mbichi ina ladha ya majani zaidi kuliko ya kiungo.

Hiyo haradali haikuwekwa kwa ajili ya ladha tu. Ina utomvu unaoyazunguka matone ya mafuta na kuyazuia yasiungane tena haraka, kwa hiyo sosi itabaki imeshikamana muda wa kutosha kula. Baadaye itajitenga, na hapo utaitikisa tena, hakuna kilichoharibika.

Zeituni Nyeusi

Naheshimu maelezo ya ndugu Kiganja, na hilo la blenda namuunga mkono kabisa, lakini kwenye haradali naomba tutofautiane. Tukisema mtindo wa Kigiriki, ni vema tukumbuke kwamba huko Ugiriki kwenyewe saladi ya kijijini, wanayoiita horiatiki, kwa kawaida haina sosi iliyochanganywa kando. Ni nyanya, tango, kitunguu, pilipili hoho ya kijani na zeituni, bila majani ya letasi, na juu yake kipande kizima cha jibini la feta. Mafuta ya zeituni humiminwa kwa ukarimu juu ya vyote, oregano hunyunyizwa, na wengine huongeza siki kidogo. Mafuta hukutana na majimaji ya nyanya chini ya sahani, na mkate huchovywa humo. Mlaji wa saladi hiyo hatafuti mafuta na siki vishikamane, na yale maji unayoyalalamikia, kwake ni sehemu ya chakula. Wanayo pia ladolemono, ambayo ni mafuta na limau vilivyopigwa pamoja, lakini hiyo hutumika zaidi kwenye samaki wa kuchoma na mboga za majani zilizochemshwa.

Zingatia pia jibini unalotumia. Katika Umoja wa Ulaya, jina feta limelindwa tangu mwaka 2002 kwa jibini la Ugiriki linalotengenezwa kwa maziwa ya kondoo, ambayo yanaweza kuchanganywa na ya mbuzi yasiyozidi asilimia 30. Kwingineko jina hilo huweza kubandikwa kwenye jibini jeupe la maziwa ya ng'ombe, ambalo ladha yake ni nyingine. Kwa vyovyote vile, jibini la namna hii huhifadhiwa kwenye maji ya chumvi, na zeituni nazo zina chumvi yake, kwa hiyo chumvi ya kwenye sosi iwe ndogo kuliko mkono unavyotaka. Onja sosi kwa kuchovya kipande cha tango, maana ukiionja kwa kijiko itakudanganya.

Bakuli Pana

Naongezea kuhusu maji, kwa kuwa si kila mtu anayapenda. Chumvi huvuta maji kutoka kwenye nyanya na tango, na sosi yenye chumvi hufanya kazi hiyo hiyo mara tu inapogusa. Kata nyanya na tango, nyunyiza chumvi kidogo, weka kwenye chujio kwa robo saa, kisha upunguze chumvi ya sosi kwa kiasi hicho. Ukitumia majani, yakaushe kabisa kwa taulo safi, kwa sababu sosi haishiki kwenye jani lenye maji. Watu wengi huamini kwamba siki ndiyo inayonyong'onyeza majani, kumbe mafuta ndiyo yanayopenya ule utando wa nta ulio juu ya jani na kulilegeza. Kwa hiyo mwage sosi watu wakiwa wameshakaa mezani.

Jani Bichi

Nashukuru sana. Nimeitikisa kwenye chupa bila blenda na uchungu haupo tena. Haradali nimeiacha, kwa heshima ya Zeituni Nyeusi, ingawa kwa saladi ya majani nadhani nitairudisha. Swali la mwisho: iliyobaki niliiweka kwenye friji na leo nimeikuta imeganda kama samli. Je, imeharibika, na ingekuwa bora kuiacha kabatini?

Kiganja cha Chumvi

Haijaharibika. Mafuta ya zeituni huganda kwenye baridi ya friji, na ukiiacha chupa mezani kwa nusu saa kisha ukaitikisa, itarudi kama ilivyokuwa. Kabatini usiiweke, kwa sababu ya kitunguu saumu. Kitunguu saumu kibichi ndani ya mafuta, mahali pasipo na hewa na penye joto la kawaida, kinaweza kuwapa bakteria nafasi ya kuzalisha sumu ya botulismi, ambayo haionekani wala hainuki. Siki na limau hupunguza hatari hiyo, lakini katika sosi ya nyumbani mtu hajui asidi imefikia kiwango gani, hivyo iweke kwenye friji tangu siku ya kwanza na uimalize ndani ya siku nne. Ukitaka akiba ya muda mrefu zaidi, tengeneza sosi bila kitunguu saumu, bado ukiiweka kwenye friji, na ukikune ndani ya kile kiasi utakachokula siku hiyo.