Mawakala wa safari za gofu Morisi, mnatuuzia kusi halafu mnaita offa!

Wakuu, salaam. Leo sina utani na mtu, na mods naomba msiuhamishie uzi huu jukwaa la vichekesho.

Kila ikifika Mei magrupu ya WhatsApp ya wacheza gofu yanajaa matangazo ya yale yale. Picha ya grini (zile nyasi fupi zenye shimo) kando ya maji ya bluu, mnazi umeinama kidogo, chini yake: "Jua mwaka mzima! Viwanja bora Bahari ya Hindi! Offa ya Julai, nafasi chache!" Tunatuma fedha, watu wazima na akili zetu. Tunafika Morisi tunakuta upepo unavua watu kofia, ratiba imepangwa na mtu ambaye hajawahi kushika fimbo, hoteli iko ncha moja ya kisiwa na viwanja viko ncha nyingine. Ukimpigia wakala anakujibu kwa upole kabisa: "Boss, hali ya hewa ni kazi ya Mungu."

Sawa, ni kazi ya Mungu. Na kupanga ratiba ni kazi ya nani?

Morisi iko nyuzi 20 kusini mwa ikweta. Mei hadi Oktoba, na zaidi Julai na Agosti, upepo wa kusini-mashariki unavuma pale karibu bila kupumzika. Upepo huo ndio unaopanda kuja kwetu na sisi tukauita kusi. Hakuna siri hapa. Mvuvi wa Kunduchi ambaye hajawahi hata kuiona fimbo ya gofu atakwambia bahari ya Julai ikoje. Sasa mtu aliyezaliwa Dar, aliyekua anasikia habari za kusi tangu yuko mgongoni kwa mama yake, ananiuzia uwanja wa ufukwe wa mashariki, uso kwa uso na upepo huo, mwezi wa Julai, kuanza saa nane mchana. Saa nane! Wakati upepo wa bahari nao umeshaamka na kujiunga na mwenzake.

Na hiyo offa msiione bure. Julai na Agosti Wazungu wengi wana kiangazi kwao, hawana haja ya kukimbilia jua la mbali, kwa hiyo hoteli za Morisi zinashusha bei. Wakala anachukua punguzo ambalo soko limejishushia lenyewe, anabandika cha juu chake, anatuletea sisi wenye likizo za katikati ya mwaka kana kwamba amepigana vita kutupatia. Bei imeshuka pia kwa sababu ya huo huo upepo, pamoja na ubaridi wake. Ungeniambia hivyo, ningeamua mwenyewe.

Ngoja niwape siku moja muone. Uwanja sitautaja kwa sababu hauna kosa; umetunzwa vizuri kuliko sebule za wengi wetu. Shimo fupi la par 3 (la kumalizwa kwa mikwaju mitatu), maji mwanzo mpaka mwisho, mita 140 hivi. Nyumbani umbali huo natoa fimbo namba 7 bila kufikiri. Tuna mzee wetu mmoja kwenye kundi, alianza gofu enzi za grini za mchanga pale Gymkhana ya Dar, mtu ambaye mkwaju wake haupotei hovyo. Akatoa namba 4, fimbo ya kupeleka mpira mbali zaidi. Kaupiga mpira safi, hata mlio wake ulikuwa mtamu. Mpira ukapaa, ukafika juu ya maji, ukasimama. Nawaambia ulisimama. Kisha ukaanza kurudi kwa ubavu, ukatua majini mbele yetu karibu sana, tukaona mpaka ukizama. Mzee akatoa mpira mwingine mfukoni, akautazama, akaurudisha. "Huu nitampelekea mjukuu," akasema, akaenda kukaa kwenye kigari.

Hilo lingeisha kama kicheko. Lakini Julai jua la Morisi linazama saa kumi na mbili kasorobo. Mashimo 18 ni saa nne na zaidi hata hali ikiwa shwari, na siku ile nusu ya muda tulikuwa vichakani tunatafuta mipira. Shimo la 15 taa za hoteli zinawaka ng'ambo, sisi tunamulika nyasi kwa simu. Akaja msimamizi wa uwanja, kijana mstaarabu, akatuambia kwa lugha ya kubembeleza kwamba vigari vinatakiwa kurudi. Tulilipia 18. Kuanza saa nane mwezi wa Julai hakuna hesabu yoyote duniani itakayokufikisha 18, na kuangalia jua linazama saa ngapi ni suala la dakika moja kwenye simu. Wakala hakuangalia, au aliangalia akaona haimhusu, kwa sababu saa za mchana huwa rahisi kupatikana na wakati mwingine bei yake ni ndogo.

Kesho yake tukapandishwa nyanda za juu. Mawingu chini, manyunyu, grini zimelowa mpira hautembei. Wakala: "Mvua ya bahati mbaya." Jamani! Nyanda za juu za kati za Morisi hupata mvua nyingi kuliko pwani ya magharibi kwa mbali mno, kwa sababu upepo ule ule wa kusini-mashariki unapanda mlima na kumwaga maji yake huko. Mji wa Curepipe, huko huko juu, unajulikana kisiwa kizima kwa mvua na ukungu. Ule uwanja wa Avalon kwenye mashamba ya chai ya Bois Chéri watu wanausifu na nadhani wanastahili kuusifu, lakini jiulizeni, chai inapandwa wapi? Inapandwa pakavu? Huko unakwenda siku umeamka ukaona milima iko wazi, si siku iliyopangwa Dar miezi miwili kabla.

Kinachoniuma ni kwamba kisiwa hiki kidogo, urefu hauzidi kilomita 65, kina pa kuchezea mwezi wowote kama mpangaji ana akili. Julai hiyo hiyo pwani ya magharibi ni kavu, joto la mchana linavumilika, na milima inakata sehemu kubwa ya upepo. Tamarina iko huko, uwanja uliochorwa na Rodney Wright mwaka 2006, umekaa kwenye nyika iliyokuwa ardhi ya uwindaji, mlima wa Rempart umesimama nyuma yake. Hakuna grini inayolambwa na mawimbi, ndiyo maana hauuziki kwenye picha. Kaskazini kuna Mont Choisy, hupigwa na upepo kidogo kuliko mashariki. Wiki ya Julai ungeijenga hapo, halafu mashariki ukaweka raundi moja ya saa moja na nusu asubuhi, jua likiwa ndiyo kwanza limetoka, upepo haujashika kasi. Watu wangerudi wanaimba.

Mashariki ndiko kuna majina makubwa, sikatai. Île aux Cerfs iliyochorwa na Bernhard Langer, imefunguliwa 2003, mashimo 18 yako kwenye kisiwa kidogo na unavuka kwa boti kwenda kucheza. Anahita ya Ernie Els. Viwanja vya Belle Mare. Kwenye matangazo ya Île aux Cerfs wanajisifu kwamba mashimo yote yanaiona bahari. Vizuri, lakini shimo linaloiona bahari, upepo nao unaliona. Viwanja hivyo vipange Oktoba, Novemba, mwanzo wa Desemba, au Mei kabla upepo haujakaza. Oktoba ndio mwezi mkavu kuliko yote kisiwani, wastani wa milimita 71 hivi za mvua. Na Desemba jua linazama karibu saa moja usiku, kwa hiyo hata ukianza saa saba unamaliza ukiwa unaona mpira wako.

Msiniamini mimi, tazameni wanaolipwa kucheza. Mauritius Open, mashindano ya gofu ya kulipwa ya Morisi, ilianza 2015. Mwaka huo na 2016 ilichezwa Mei. Kuanzia ile ya 2017 imekuwa mwisho wa Novemba au Desemba, mara Bel Ombre, mara Anahita, mara Mont Choisy. Haijawahi kuchezwa Julai wala Agosti. Najua kalenda yao ina mambo mengine, Julai wana shughuli zao Uingereza, lakini mwezi mbaya wa upepo haujawahi hata kujaribiwa. Louis Oosthuizen, mcheza gofu wa Afrika Kusini, alichukua kombe Desemba 2023 pale La Réserve, uwanja ambao yeye mwenyewe alishiriki kuuchora na Peter Matkovich. Huyo sidhani kama aliuziwa offa na mtu.

Kuna uongo mwingine mdogo: "Le Morne iko kusini-magharibi, hakuna upepo." Nani kakwambia? Dunia nzima ya watu wa kaiti, wale wanaoteleza majini wakivutwa na tiara, hukusanyika Le Morne miezi hiyo hiyo. Hawaendi kuangalia mlima.

Na msije mkakimbia upepo wa Julai mkaangukia Januari hadi Machi kwa sababu mtu kawaambia ni "msimu wa joto". Februari na Machi ndiyo kilele cha mvua, na vimbunga vinapita. Kimbunga Belal, Januari 2024, kilizamisha barabara za Port Louis, magari yakawa yanaelea kama maboya. Kule wana madaraja ya maonyo ya kimbunga, na yakianza kupanda kila kitu kinafungwa, gofu haimo hata kwenye fikra za mtu. Anayekuuzia Februari akuonyeshe kwa maandishi fedha zinarudi vipi likitangazwa onyo. Akianza kukwambia "haijawahi kutokea", funga simu.

Suala la hoteli nalipitia haraka kwa sababu nikilikalia nitatukana. Hoteli kadhaa za Morisi zenye viwanja huwapa wageni wao kucheza bure au kwa punguzo kubwa, unalipia kigari tu. Sisi tuliwekwa Grand Baie, kaskazini kabisa, tukawa tunavuka kisiwa kwa teksi kwenda mashariki na kurudi, na ada ya uwanja tukilipa kamili kama wapita njia. Ramani ni ndogo, ndiyo, lakini barabara zinapita katikati ya vijiji na mashamba ya miwa, saa nzima inakwisha ndani ya gari. Ndiyo maana tulipewa saa nane, asubuhi tungekuwa bado tuko njiani. Mtu alichagua hoteli inayompa kamisheni, halafu uwanja na saa vikalazimishwa kuifuata hoteli.

Kwa hiyo anayefikiria kwenda: kabla hujatuma hata shilingi, muulize wakala upande gani wa kisiwa, mwezi huo upepo unatoka wapi, saa ya kuanza ni ipi kwa kila uwanja, na je, ratiba inaweza kugeuzwa asubuhi ile kulingana na mawingu. Akijibu kwa kukutumia picha nyingine, umeshampata.

NYONGEZA 1: Kuna ndugu ameuliza kwa nini nisicheze Lugalo, uwanja wetu wa hapa Dar, nikaacha kulialia, eti gofu ya kisiwani ni mbwembwe za wenye pesa. Mkuu, Lugalo nacheza, na napapenda. Fedha niliyotafuta mwenyewe nikitapeliwa nalialia, uwe ni mchele umeuziwa una mawe au safari. Haki ni ile ile.

NYONGEZA 2: Waliouliza Zanzibar: kule kuna uwanja wa mashimo 9 upande wa Mangapwani, pwani ya magharibi, na mantiki haibadiliki. Kusi ikivuma inapiga Paje na Jambiani, ndiko watu wa kaiti waliko. Magharibi kuna nafuu. Ila Aprili na Mei ni masika, usidanganywe na bei. Ushelisheli nako, Praslin kuna mashimo 18 ya Lemuria. Vimbunga huwa haviwafikii kwa kuwa wako karibu na ikweta, lakini Desemba na Januari mvua yao si ya mchezo. Bibie uliyeuliza kuhusu fungate Desemba na mumeo anataka kucheza kila siku, kwa heshima zote, jibu la swali lako haliko kwenye hali ya hewa.

NYONGEZA 3: Wakala ameuona uzi, kanipigia. Hakuomba radhi. Kaniambia "naharibu biashara za vijana" na kwamba yuko tayari kutupa vocha ya raundi za bure kwenye uwanja ule ule. Nikamuuliza ya mwezi gani. Agosti! Nimemjibu kwa maandishi kwamba tunataka fedha ya ile raundi iliyokatwa na giza pamoja na teksi zote, risiti ninazo. Ana mpaka Ijumaa. Akikaa kimya, Jumatatu faili liko Tume ya Ushindani. Wenzangu mliosafiri na paketi za namna hii Julai, nitumieni nakala za ratiba zenu PM, hasa zile zenye saa ya kuanza. Nataka faili liwe nene.