Tak-tak pembeni mwa mawimbi ya Morse
Wakuu, nikituma Morse (msimbo wa nukta na mistari) kwa redio, walio kwenye masafa ya kilohezi 1 juu au chini yangu wanasikia tak-tak kila nukta. Toni yenyewe safi. Tatizo nini?

— Mkuu, wimbi lako linawaka na kuzima ghafla mno. Kupanda na kushuka kuchukue takriban milisekunde 5. Zikiwa 1 au 2 lazima usumbue majirani. Menyu nyingi za redio zina mpangilio huo, ongeza muda.

— Amplifaya (kikuza nguvu) je? Relei yake (swichi ya umeme) ikifunga baada ya nguvu kufika, inakata mwanzo wa nukta, na hapo menyu ya redio haisaidii kitu. Chelewesha redio milisekunde 10 hadi 15.

— Pima kwa osiloskopu (kifaa kinachochora umbo la wimbi) na mzigo bandia wa omu 50 badala ya antena, tuma nukta mfululizo. Kingo ziwe za mviringo. Pembe kali ndiyo tak-tak yenyewe.